Vigogo vya Shamba la Matunda

Pirangi do Norte ni kijiji cha pwani kusini mwa jiji la Natal, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mgeni akifika hapo huoneshwa kitu anachodhani ni msitu mdogo, kumbe ni mkorosho mmoja. Umetanda katika eneo la mita za mraba zipatazo 8,500, na tangu mwaka 1994 umeandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mkorosho mkubwa kuliko yote duniani. Wenyeji husimulia kwamba ulipandwa mwaka 1888 na mvuvi aliyeitwa Luiz Inácio de Oliveira, na kwamba mzee huyo alikata roho akiwa na miaka 93, akiwa chini ya kivuli chake.

Mkulima wa Newala au Masasi atauelewa ukubwa huo akipiga hesabu ya shambani kwake. Kwa nafasi inayoshauriwa huku kwetu, mita 12 kwa mita 12, eneo hilo lingetosha mikorosho kama 59. Siri iko kwenye matawi. Mti wa Pirangi una hitilafu ya kimaumbile: matawi yake hukua kwenda pembeni badala ya kwenda juu, yakilemewa huinama mpaka yakagusa mchanga, yakishagusa huota mizizi, kisha huinuka na kusonga mbele tena. Kati ya matawi makuu matano, manne yana tabia hiyo. La tano liligusa ardhi likakomea hapo, na watu wa pale wakalipa jina la Kima cha Chini cha Mshahara.

Mti huo umezua ugomvi na barabara. Matawi yalivuka uzio yakaingia njiani, wakazi wengine wakataka yakatwe, wengine hawakutaka hata kusikia habari hiyo. Mwishowe ikajengwa chanja ya kuyanyanyua yapite juu ya magari. Na ubingwa wenyewe unagombewa: katika jimbo la Piauí kuna mkorosho mwingine uitwao Cajueiro-Rei, yaani Mfalme wa Mikorosho, ambao watu wake wanadai umetanda mita za mraba 8,800. Ushindani wa namna hii naupenda. Miji miwili ikishindania mti, yote miwili itaulinda wa kwake.

Wareno ndio waliouchukua mkorosho Brazili katika karne ya 16 wakaufikisha Goa na Msumbiji, na kutoka huko ukaenea pwani yetu yote. Leo kusini mwa Tanzania maisha ya watu yanakwenda kwa kalenda yake: kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga maua yanapotoka, kupalilia chini ya mti ili korosho ikianguka ionekane, kisha kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika na kupeleka ghalani. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 313,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatuma wanajeshi kwenda kuzisomba. Rekodi ile ya uzalishaji ilikuja kuvunjwa kwa mbali msimu wa 2024/25. Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya mavuno bado husafirishwa ikiwa na maganda, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kubangua ni kazi ngumu, kwani ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na akina mama wanaobangua kwa mkono hupaka majivu au mafuta ili yasiwababue vidole. Lakini humo ndani ya kazi hiyo ndimo yalimo malipo.

Kwenye mizani

Magazeti hupenda rekodi za uzito. Nitazipitia upesi, kwa sababu tunda likishapimwa huliwa au huoza, na mwakani atatokea mwingine na lake.

Tunda zito kuliko yote yanayoota mtini ni fenesi. Lililopimwa Pune, India, mwaka 2016 lilikuwa na kilo 42.72, mzigo ambao mtu mzima mmoja huubeba kwa shida. Mfenesi una akili: hautundiki matunda yake kwenye vitawi vya nje, huyaotesha kwenye shina lenyewe na kwenye matawi mazito, mahali penye nguvu ya kuyashika. Anayelipasua huanza kwa kupaka kisu na viganja mafuta ya kupikia, maana ulimbo wake ukishika nywele au nguo hautoki kwa sabuni. Hulikata kwa urefu, akautoa moyo mweupe wa katikati unaobeba ulimbo mwingi, kisha akageuza kipande nje-ndani ili nyama za manjano zichomoze. Zile nyama, kila moja na kokwa yake, zilianza kama maua mbalimbali. Fenesi moja ni mamia ya matunda yaliyoshikana yakawa mwili mmoja.

Embe zito zaidi lilitoka Guayatá, milimani Kolombia, mwaka 2021: kilo 4.25. Lilivunja rekodi ya embe la Ufilipino la mwaka 2009 lililokuwa na kilo 3.435. Parachichi lililoshika rekodi mwaka 2018 lilikuwa la familia moja ya kisiwa cha Maui, Hawaii, la kilo mbili na nusu na ushei. Limau zito zaidi, kilo 5.265, lilivunwa Israeli mwaka 2003. Na tufaha la kilo 1.849 lilichumwa Hirosaki, Japani, Oktoba 2005.

Hilo tufaha la Hirosaki linastahili neno zaidi. Wakulima wa mkoa wa Aomori wana desturi ya kupunguza matunda yakiwa bado madogo kabisa: kila kishada huachiwa tunda moja, na mengine yote huondolewa kwa mkono. Majani yaliyokuwa yalishe matunda matano sasa yanalisha moja. Halafu wengi hulivika mfuko wa karatasi kila tunda, kulikinga na wadudu na kulipa rangi nzuri litakapovuliwa. Kwa mkulima wetu anayeona uchungu kuangusha hata embe changa moja, jambo hili huonekana kama hasara. Kwenye michungwa na miparachichi iliyozaa kupita kiasi, hata hivyo, ndiyo njia ya kuuokoa mti usivunjike matawi na usipumzike mwaka mzima unaofuata.

Mbegu kubwa kuliko zote iko jirani yetu

Bahari hii hii ya Hindi, katika visiwa vya Praslin na Curieuse huko Shelisheli, ndiko kwenye nazi inayoitwa koko de mer. Ina mbegu kubwa na nzito kuliko ya mmea wowote duniani. Zilizopimwa zimefika kilo 18 na kupita. Kwa asili, haiko mahali pengine popote.

Kabla visiwa hivyo havijakaliwa na watu, maganda matupu ya nazi hizo yalikuwa yakielea na kutupwa kwenye fukwe za Maldivi na India. Hakuna aliyejua yanakotoka. Watu wakasema kuna mti unaoota chini ya bahari, na jina la kisayansi likaandikwa kwa kosa hilo, kwamba ni mti wa Maldivi. Wafaransa waliukuta Praslin mwaka 1768, ukiwa umejaa mabondeni. Mwaka 1881 jenerali wa Kiingereza Charles Gordon alilitembelea bonde la Vallée de Mai akatoka na imani kwamba hapo ndipo ilipokuwa bustani ya Edeni. Bonde hilo liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1983.

Mti huu haujui haraka. Mnazi dume na mnazi jike ni miti miwili tofauti. Tunda huchukua miaka sita au saba kukomaa likiwa limening'inia juu. Likianguka, mbegu hutoa kamba nene inayosafiri chini ya udongo mita kadhaa kabla ya kuchipua, ili mtoto asiote kwenye kivuli cha mama. Na kwa kuwa udongo wa pale ni maskini, majani yake makubwa yamejikunja mithili ya mfereji: mvua ikinyesha, maji na chavua na uchafu wote ulionaswa juu hutiririka hadi kwenye shina. Watafiti walieleza mwaka 2015 jinsi mti unavyojirutubisha wenyewe kwa namna hiyo.

Sifa hizo zimeuletea balaa. Nazi hizi huuzwa ghali, wezi huzifuata usiku, na serikali ya Shelisheli inataka kila inayouzwa iwe na kibali. Anayetua uwanja wa ndege wa Mahé hugongewa kwenye pasipoti mhuri wenye umbo la nazi hiyo. Sijui nchi nyingine iliyolipa tunda heshima ya namna hiyo.

Wazee wa shamba

Umri wa mti wa matunda ni jambo gumu kulithibitisha, maana miti mikongwe huoza katikati na pete za miaka hupotea pamoja na kiini. Ndivyo ulivyo mzeituni wa Vouves, kisiwani Krete, Ugiriki. Pete zilizobaki zinaonesha una miaka isiyopungua 2,000, na bado unazaa zeituni. Matawi yake yalisukwa mataji ya washindi katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Linalonishangaza zaidi ni kwamba ulibebeshwa. Mizizi na shina lake la chini ni la mzeituni wa mwitu, matawi ni ya mzeituni wa kufugwa. Kuna mtu asiye na jina ambaye, pengine Roma ikiwa bado inatawala, alisimama hapo na kisu mkononi, na kazi yake haijaachia mpaka leo.

Huko Sicily, kwenye miteremko ya mlima wa moto wa Etna, kuna mchesnati uitwao Mchesnati wa Farasi Mia, unaokadiriwa kuwa na miaka kati ya 2,000 na 4,000. Ulipozungushiwa kamba mwaka 1780, mzingo wake ulifika mita 57.9, na hakuna shina jingine lililowahi kupimwa likaufikia. Sasa umegawanyika kuwa mashina kadhaa juu ya ardhi, ingawa chini ni mmoja. Hadithi inasema malkia wa Aragon na wapanda farasi mia walijikinga mvua chini yake.

Mpeasi wa Danvers, Massachusetts, ni mtoto mbele ya hao, lakini ndio mti wa matunda wa kupandwa wenye umri mkubwa zaidi Amerika ya Kaskazini. Gavana John Endecott aliupanda katika miaka ya 1630 au 1640. Mwaka 1964 wahuni waliukata usiku, wakaacha kisiki. Kisiki kikachipua, na leo unazaa.

Karafuu si tunda wala kokwa. Ni ua linalochumwa kabla halijachanua. Lakini mtu wa Unguja au Pemba hawezi kusoma habari za miti mikongwe pasipo kuulizia mkarafuu. Kisiwani Ternate, Indonesia, ulikuwepo mkarafuu ulioitwa Afo, unaodhaniwa kuwa na karne zaidi ya tatu. Ulinusurika Waholanzi walipokuwa wakikata mikarafuu ya visiwa vingine ili wao peke yao wawe na karafuu ya kuuza. Ukiritimba huo ulivunjika mwaka 1770, watu wa Mfaransa Pierre Poivre walipotorosha miche hadi Mauritius, na miongo michache baadaye mikarafuu ikawa imefika Zanzibar. Seyyid Said akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, la sivyo anyang'anywe shamba. Miti hiyo ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na haifai kuzisimulia rekodi za karafuu za Zanzibar bila kulitaja hilo. Kisha Aprili 1872 kikavuma kimbunga kilichong'oa karibu theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja. Pemba iliguswa kidogo tu. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu.

Kokwa iliyolala miaka 2,000

Kuna rekodi moja ambayo kila nikiisoma tena naona haijapungua uzito. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua ngome ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, katika miaka ya 1960 walipata kokwa za tende. Zikawekwa kabatini. Mwaka 2005 daktari Sarah Sallon alipata chache, akampa mtaalamu wa mimea Elaine Solowey wa Kibbutz Ketura, jangwani kusini mwa Israeli. Solowey aliziloweka, akazipa virutubisho, akazipanda. Moja ikaota. Vipimo vya vipande vya ganda lake vilionesha ina umri wa miaka karibu 2,000. Wakaupa mche huo jina la Methusela.

Methusela ni dume. Hapo anayejua mitende ataguna, kwa kuwa mtende dume hauzai tende, unatoa chavua tu. Ikabidi kuotesha kokwa nyingine za kale kutoka maeneo mengine ya jangwa lile mpaka likapatikana jike, lililoitwa Hannah. Chavua ya Methusela ikapelekwa kwenye maua ya Hannah kwa mkono, kama wanavyofanya wakulima wa Oman kila mwaka, wakipanda na kishada cha ua la dume na kukipachika katikati ya maua ya jike. Mwaka 2020 Hannah alizaa tende 111. Aina hiyo ya tende ya Yudea ilikuwa imetoweka kwa karne nyingi, na watu wakaionja tena.

Mti mmoja, wajukuu mamilioni

Nikiulizwa ni mti gani wa matunda ulioibadilisha dunia zaidi katika karne iliyopita, nitajibu bila kusita: mparachichi mmoja wa La Habra Heights, California. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua. Mwaka 1926 alipanda mbegu alizonunua, nia yake ikiwa kuzibebesha aina ya Fuerte iliyokuwa na soko wakati huo. Mche mmoja ulikataa. Kila kikonyo kilichowekwa kilikufa. Inasimuliwa kwamba nusura aukate, mpaka watoto wake walipoonja matunda yake meusi yenye ganda la vipele wakasema ni matamu kuliko yale mengine. Mwaka 1935 alipata hataza ya aina hiyo, lakini watu walinunua mche mmoja kisha wakajibebeshea wenyewe mashamba mazima, na Hass hakutajirika. Alifariki mwaka 1952. Mti wenyewe uliuawa na kuoza mizizi mwaka 2002, ukiwa na miaka 76.

Kila parachichi la Hass, liwe limechumwa Murang'a, Njombe, Rungwe au Rwanda, limetoka kwenye kikonyo kilichokatwa kwenye mti uliobebeshwa kikonyo cha mti mwingine, hadi kufika kwenye ule mmoja. Mbegu haiwezi kufanya hivyo. Ukipanda kokwa ya Hass utapata mparachichi, ila tunda lake litakuwa la bahati nasibu. Ndiyo maana nawasikitikia wanaouziwa miche ya barabarani kwa jina la Hass bila kuona alama ya kubebeshwa kwenye shina. Watasubiri miaka mitano na zaidi kujua walichonunua.

Makadamia nayo ina hadithi ya namna hiyo. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Australia mwaka 2019 ulionesha kwamba aina za Hawaii, ambazo ndizo zimejaa katika mashamba ya dunia, zina asili katika kundi dogo sana la miti karibu na Gympie, Queensland, huenda hata mti mmoja. Miti ya Kenya, iliyoanza kuletwa Thika mwaka 1946, imo katika ukoo huo mpana wa Kiaustralia. Mkadamia wa kwanza kupandwa kwa makusudi na Walter Hill, mwaka 1858 katika bustani ya mimea ya Brisbane, bado uko hai. Inasemekana Hill aliamini kokwa hizo zina sumu, akamwachia kijana azivunje ganda ili azipande, akamkuta anazitafuna kwa raha. Akangoja kuona kama atakufa.

Na chungwa la kitovu lisilo na mbegu, lenye asili ya Bahia, Brazili, halina njia nyingine ya kuzaliana ila kisu cha mbebeshaji. Mmoja kati ya miti mama ya California, uliopandwa Riverside na Eliza Tibbets mwaka 1873, bado unazaa. Mizizi yake ilipougua, mafundi walipanda miche michanga kando yake wakaiunganisha na shina ili iunyonyeshe kwa mizizi mipya. Walifanya hivyo mwaka 1918, wakarudia mwaka 1951. Sasa umefunikwa kwa wavu mkubwa kuukinga na mdudu anayeeneza ugonjwa hatari wa michungwa.

Watu wamekuwa wakifanya haya tangu lini? Mwaka 2006 watafiti walieleza tini zilizokaushwa, zilizopatikana Gilgal katika bonde la Yordani, zenye umri wa miaka 11,400. Ni za aina isiyozaa mbegu hai, na kwa maoni yao mti huo haungeweza kuendelea bila binadamu kukata tawi na kulichomeka ardhini. Ikiwa wako sahihi, shamba la miti ya matunda ni la kale kuliko shamba la ngano.

Mwembe wenye aina 300

Malihabad, karibu na Lucknow, India, anajulikana mzee Kalimullah Khan. Shule ilimshinda akiwa mtoto, akahamia kwenye miembe ya baba yake. Akiwa kijana alibebesha mti mmoja aina saba za embe. Maji ya mvua yakatuama, mti ukafa. Mwaka 1987 alianza tena kwenye mwembe mwingine mkongwe, na leo una aina zaidi ya 300. Fikiria dodo, boribo, ngowe, sindano na viringe zikining'inia kwenye mti mmoja, halafu uzidishe mara sitini. Hata majani yanatofautiana, tawi moja lina kijani kibichi, la pili kijani cha manjano. Mwaka 2008 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Aina mpya alizozipata amezipa majina ya watu maarufu, akiwemo mcheza kriketi Sachin Tendulkar.

Kazi yenyewe haina uchawi, na inafanyika kila siku kwenye vitalu vya Muheza na Makueni. Mche wa shina hukuzwa kutokana na kokwa ya embe la kienyeji, kwa sababu mizizi yake ni migumu. Ukifikia unene wa penseli hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati kwa kisu kikali kilichosafishwa. Kikonyo huchukuliwa kwenye ncha ya tawi lililokomaa, chipukizi likiwa limeanza kuvimba ila halijafunguka, majani yakiwa yamekatwa siku kadhaa kabla. Huchongwa pande mbili kuwa kabari, huchomekwa kwenye mpasuo, ganda lipatane na ganda walau upande mmoja, kisha hufungwa kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu na kuvikwa kifuko chepesi. Mche hukaa kivulini. Baada ya wiki tatu hivi, kikonyo kikiwa kijani na chipukizi limefunguka, umepata. Kikiwa cheusi, unaanza upya na kikonyo kingine.

Mizinga milioni mbili kwa mwezi mmoja

California hutoa takriban asilimia 80 ya lozi za dunia. Kila Februari milozi yake huchanua karibu kwa wakati mmoja, na kwa kuwa aina nyingi za mlozi haziwezi kujichavusha, lazima nyuki wabebe chavua kutoka mstari wa aina moja hadi mstari wa aina nyingine. Nyuki wa porini hawatoshi. Malori huanza kuingia kutoka pande zote za Marekani, hata Florida, yakiwa na mizinga. Hufika zaidi ya milioni 2, nayo ni sehemu kubwa ya mizinga yote ya kibiashara ya nchi hiyo. Hakuna uchavushaji wa kupangwa mkubwa kuliko huo duniani. Mimi naona hatari humo kuliko ushindi: nyuki wa nchi nzima wanakutanishwa mahali pamoja kwa wiki chache, na ugonjwa wa mzinga mmoja unapata nafasi ya kusafiri hadi kila jimbo.

Njia ya wakulima wadogo naiamini zaidi. Murang'a, watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye makao yake Nairobi, wamefanya kazi na wakulima wa parachichi kuweka mizinga shambani, nyuki wakae hapo hapo. Mkulima anapata parachichi, na asali juu yake.

Sekunde 4.88

Rekodi ya mwisho ni ya mtu. Tarehe 22 Agosti 1980, katika bustani ya Sukuna mjini Suva, Fiji, Fuatai Solo alikwea mnazi wa urefu wa mita karibu 9 kwa sekunde 4.88, miguu mitupu, bila kamba. Inasimuliwa kwamba alipotangazwa mshindi alifurahi mno, akaukwea mara ya pili akiwa ameziuma fedha za zawadi kinywani.

Wakwezi wa Mafia, Pangani na Kilifi wanaposikia habari hiyo huuliza kwanza mnazi wenyewe ulikuwa na vidato au la. Ni swali la mjuzi. Mnazi uliochongwa vidato ni ngazi, usiochongwa unataka nyayo na mapaja. Tena mkwezi wetu halipwi kwa kufika juu. Juu huko ana kazi ya kutambua kwa kugonga na kwa kutazama kipi ni kitale, kipi ni dafu, kipi ni koroma na ipi ni nazi iliyokomaa, kuacha vya kuachwa, kukata makuti makavu, kumwepuka nyigu, na kuangusha bila kumjeruhi aliye chini. Halafu anashuka na kuhamia mnazi wa pili, na wa tatu, mpaka jua liwe kali.

Vijana wa kazi hiyo wanapungua na minazi mingi ya pwani imezeeka. Ningependa kuona halmashauri za pwani zikiandaa mashindano ya wakwezi kila mwaka, yenye saa ya kuhesabia, waamuzi na zawadi ya maana, na siku hiyo hiyo zigawe miche ya minazi mifupi kwa kila mshiriki. Mashindano ya ngalawa tunayo, ya bao tunayo. Haya nayo yangepata watazamaji.